Mtoki wa Salima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Salima alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa nayo: kumpashia bibi yake mafuta. Aliweka kopo la mafuta ya mise, yale ya kokwa za chikichi, juu ya majivu ya moto, si juu ya moto wenyewe, akasubiri mpaka harufu yake ienee nyumba nzima. Kisha aliyajaribu kwa kidole cha mwisho. Yakiunguza, aliyaacha yapoe. Yakiwa baridi, aliyarudisha jivuni. Bibi Mwanvua hakutaka mafuta ya kubahatisha.

Bibi Mwanvua alikuwa mkandaji, na si mkandaji wa jana. Kuanzia soko la Rumonge mpaka ufukwe wa ziwa wanakovutia mitumbwi, kila mwenye maumivu alilijua jina lake. Walimjia wavuvi waliokakamaa migongo kwa kuvuta nyavu, na wanawake waliobeba mikungu ya chikichi mpaka shingo zikagoma kugeuka. Watoto wachanga hakungoja waletwe; aliwaendea mwenyewe nyumbani kwao kila siku, siku arobaini, awanyooshe viungo. Mtu akimuuliza alisomea wapi, alinyanyua mikono yake miwili.

"Diplome yangu ni hii," alisema, na mtu huyo hakuuliza tena.

Salima alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Baba yake alifanya kazi kwenye michikichi ya Nyanza-Lac, akirudi mara moja kwa mwezi. Mama yake, Asma, alianika ndagala, dagaa wa ziwani. Siku nyingine hapo hapo uani kwenye kichanja cha waya, siku nyingine alilala Minago wakati samaki walipokuwa wengi. Kwa hiyo Salima alilelewa zaidi na bibi yake, na Jumamosi alimfuata kwenye nyumba za wazazi, yeye kashika kopo la mafuta, bibi kaweka kitambaa chake cha kujifutia begani. Alijivunia sana kazi hiyo.

Katika yote aliyoyajua Bibi Mwanvua, liko moja ambalo watu wote wa mwambao ule wanalijua pia. Mtu akivimba mtoki kinenani, atazamwe mguu. Mtoki hauji bure. Kutakuwa na mwiba, msumari, mkwaruzo wa jiwe, kitu. Lisafishwe lile jeraha, mtoki ukandwe kwa mafuta ya moto, na baada ya siku chache mtoto yuko mbioni. Mara nyingi ni kweli, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Jambo ambalo ni kweli mara nyingi, watu huacha kulichunguza.

Muhula wa tatu ulipoanza, mwanafunzi mmoja alitolewa darasani kwa kina Salima. Aliitwa Joanita, na alikuwa rafiki yake wa dawati moja. Alitoka vipele mikononi na usoni, vipele vigumu vyenye kibonde katikati. Muganga Pontiani wa kituo cha afya alikuja na gari, akamchukua, kisha akarudi kusema na wanafunzi.

"Ugonjwa huu unaitwa mpox," alisema. "Unaletwa na kirusi. Unapita kwa kugusana ngozi, kwa nguo, shuka na taulo za mgonjwa. Msidhani lazima vipele vijae mwili mzima. Kuna mtu hutoka vitatu tu, tena mahali asipotaka kuonyesha. Mwingine anaanza kwa kuvimba. Ukiona chochote, njoo. Hatupigi mtu, wala hatufukuzi mtu."

Maneno mazuri, lakini watoto waliyasikia kwa sikio moja. Mchana ule ule dawati la Joanita lilibebwa likatupwa juani, na wavulana wakatunga wimbo wa jina lake. Salima hakuimba. Lakini hakuwakataza pia. Alikaa peke yake kwenye dawati la kuazima, akiomba Mungu mtu asikumbuke jambo moja: timu yao ya mpira wa wasichana ilikuwa na jezi pungufu, na yeye na Joanita walivaa moja. Katika mechi ya mwisho Joanita aliivaa kipindi cha kwanza, akaivua ikiwa imelowa jasho, na Salima akaivaa papo hapo.

Siku ya tisa tangu Joanita achukuliwe, Salima aliamka na homa. Kichwa kiligonga, mgongo ukauma. Alipokwenda kuoga aliona kipele kwenye mkunjo wa paja, kigumu, na katikati kina kibonde. Kesho yake vilikuwa vitatu. Kesho kutwa kinena kilivimba, uvimbe wa ukubwa wa ndimu, na kila hatua ilikuwa kama anavutwa nyama.

Alijua. Tusimtetee kwa kusema hakujua. Alikaa bafuni na ndoo ya maji yaliyopoa, akaona gari likisimama mlangoni, akaona dawati lake juani, akasikia ule wimbo na jina lake ndani. Akaogopa, akalia kimya kimya, kisha akanawa uso akatoka.

"Wee Salima," bibi yake alimwita kutoka jikoni. "Unatembeaje hivyo?"

"Nimevimba mtoki, Bibi."

"Mguu gani una jeraha?"

Swali hilo lilikuwa halikwepeki. Salima alisema ni kisigino, cha kulia, na kwamba anakwenda kukiosha kwanza. Akazunguka nyuma ya nyumba. Pale kichanja cha mama yake kilikuwa na ncha ya waya iliyojitokeza, imeota kutu. Aliinua mguu, akakibana kisigino kwenye ile ncha, akafumba macho, akavuta. Damu ilitoka. Alijiumiza kweli kweli ili uongo wake upate pa kusimama.

Bibi Mwanvua alikiosha kile kisigino kwa maji ya chumvi, akamlaza mjukuu wake mkekani. Salima aliivuta kanga kufunika vipele, lakini mikono ya mkandaji haizuiliki kwa kanga. Vidole vilipita chini yake, vikasimama.

"Na hiki kipele?"

"Ni joto tu, Bibi."

Bibi aliamini. Kwa nini asiamini? Mtoto huyu alimlea mwenyewe, na hajawahi kumkamata na uongo hata wa sukari. Akachovya mafuta, akakanda. Kile kipele kilipasuka chini ya kidole chake cha shahada, kikatoa maji kidogo. Bibi alijifuta kwenye kitambaa chake cha begani, akaendelea. Alipomaliza alinawa maji matupu, akachukua kopo, akatupa kitambaa kile kile begani.

"Lala," alisema. "Mimi naenda kwa Mama Agneta."

Mama Agneta ndiye Eliana, jirani wa nyumba ya nne, mwanamke mpole aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania na kurudi akiwa mkubwa. Alikaa miaka saba kwenye ndoa bila mtoto. Sasa alikuwa na Agneta, mwenye siku kumi na mbili, na Salima alipofika pale Jumamosi alipewa nafasi bora ya mkeka na andazi moja mkononi. Jina lile lilipotajwa, Salima aliinuka nusu mkekani. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akageukia ukuta.

Siku tatu bibi alimkanda mjukuu wake, na siku tatu alitoka hapo akaenda kumkanda Agneta. Mtoki ulipungua taratibu. Vipele vilikauka, vikaacha magamba, na Salima akarudi shule akisema alichomwa na waya. Mwalimu alikitazama kisigino, akatikisa kichwa, basi. Kwa wiki nzima Salima alijiona amevuka.

Kisha kidole cha shahada cha Bibi Mwanvua kikaanza kuuma. Kilivimba, kikang'aa, kikawa kinadunda usiku na mchana. Nalo hilo lina jina lake, na jina hilo kila mtu analijua: mdudu wa kidole. Dawa yake inajulikana pia. Bibi alitoboa ndimu, akakiingiza kidole ndani, akakifunga na kitambaa. Alitembea na ndimu yake siku nne, huku akiwakanda watu kwa mikono yote miwili, kidole kile tu akikiinua juu kidogo.

"Umri huu," alisema, "kila kitu kinajitafutia pa kuumia."

Siku alipoibadilisha ile ndimu, Salima ndiye aliyemshikia bakuli. Ndimu ilipotoka aliona kidole chekundu mpaka karibu na kiganja, nyama ya ubavuni imekuwa nyeusi. Na pembeni ya kucha palikuwa na kipele kigumu, chenye kibonde katikati.

Hapakuwa na mdudu wa kidole pale, kama vile kwake hapakuwa na mtoki wa jeraha. Ulikuwa ugonjwa mmoja, umejiita majina waliyoyazoea, na watu wakaukaribisha. Salima alijua hivyo siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Hakusema Jumatatu. Jioni ile Eliana alikuja mlangoni, uso umesawijika.

"Mama Mwanvua, mtoto ana joto. Na jicho moja linatoa tongotongo, haliachi."

"Mkamulie maziwa yako kwenye jicho," Bibi alimjibu. "Na umfunike, ni upepo wa ziwa. Kesho nakuja."

Salima alikuwa nyuma ya pazia. Akasikia yote. Jumanne pia hakusema, ingawa hakula chochote.

Jumatano Asma alirudi kutoka Minago na karai lake la ndagala, akamkuta mama mkwe wake amekaa chini, anatetemeka, mkono umevimba mpaka kiwiko.

"Mama, huu mkono iko moto sana," alisema. "Twende kwa muganga sasa hivi. Sitaki kusikia habari ya ndimu."

Bibi alibisha kidogo, lakini hakuwa na nguvu. Alipakiwa kwenye pikipiki na Asma nyuma akimshikilia, na Salima akawafuata mbio kwa miguu, ubavu ukimchoma.

Muganga Pontiani alivaa glavu kabla hata ya kukaa.

"Amahoro, Mama." Alikigeuza kile kidole polepole kwenye mwanga wa dirisha. "Hiki si mdudu wa kidole, Mama. Nimekiona hiki kwa watu wawili mwaka huu. Ni mpox, na juu yake vijidudu vingine vimeingia kwenye nyama. Tutapima, lakini dawa inaanza leo." Akachukua daftari. "Sasa nisaidie. Mikono hii ni ya kazi, najua. Katika wiki tatu hizi imemgusa nani?"

Bibi Mwanvua alitazama sakafu. Alikuwa na miaka arobaini ya jina zuri mtaani. Akiwataja watu wale, gari litakwenda mlango kwa mlango, na kila mlango utaambiwa aliyeleta ugonjwa ni nani.

"Hakuna," alisema. "Nimepumzika mwezi mzima."

Kalamu ya Pontiani ilisimama.

"Una hakika, Mama? Mtu mzima atateseka, lakini wengi wanapona. Mtoto mchanga ni habari nyingine. Mtoto mchanga anaweza kufa wakati sisi tumekaa hapa."

Salima alimtazama bibi yake. Aliona wazi kwamba yeye naye akinyamaza, hakuna atakayejua. Bibi atabaki na jina lake, na yeye atabaki na dawati lake. Wawili hao walikuwa salama kabisa, na aliyebaki nje alikuwa Agneta, siku ishirini na nane, na jicho linalotoa tongotongo.

"Anamkanda mtoto wa Mama Agneta," Salima alisema. "Kila siku. Hata jana."

"Salima, nyamaza."

"Mtoto ana joto tangu Jumatatu. Na jicho lake limeharibika." "Na Bibi hakuuleta yeye. Niliuleta mimi. Nilivaa jezi na Joanita. Nilikuwa na vipele vitatu hapa chini, nikasema ni joto. Kisigino nilijichana mwenyewe kwenye kichanja."

Asma aliweka mkono mdomoni. Bibi Mwanvua alimtazama mjukuu wake muda mrefu, na Salima alitamani apigwe, maana kupigwa kungekuwa rahisi. Hakupigwa. Bibi alivuta pumzi, akamgeukia Pontiani.

"Andika," alisema. "Mama Agneta na mwanawe. Swedi mvuvi, mgongo. Mke wa Ismaili, bega. Nitakuonyesha nyumba zao zote."

Gari lilifika kwa Eliana kabla ya adhuhuri. Agneta alikuwa na vipele kwenye paji la uso na mashavuni, jicho la kushoto limeziba, na alikuwa halii tena, anakoroma tu kidogo kidogo. Eliana mwenyewe alikuwa na vipele viwili kifuani. Waliwekwa chumba kimoja kwenye hema la wagonjwa, na Bibi na Salima hema la pili, na katikati palikuwa na kamba na ndoo ya maji ya klorini. Salima, ambaye magamba yake yalikuwa yamebakia machache, alikaa huko mpaka yote yakadondoka.

Siku ya pili Eliana alitoka kumwaga maji. Alimwona Salima upande wa pili wa kamba.

"Nilikuwa nakupa mkeka wangu," alisema, bila kupaza sauti. "Ulikuwa unakaa pembeni yake unamchezea vidole. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mama Agneta."

Eliana aliinua ndoo yake akarudi ndani.

Siku kumi mtoto alikuwa kati ya kufa na kupona. Kila asubuhi Salima alitega sikio asikie kilio, na asubuhi mbili hakukisikia, akafikiri imekwisha. Bibi alikuwa akipasuliwa kidole, nyama iliyooza ikitolewa, na hakulalamika hata mara moja. Swedi mvuvi alitoka vipele, akapona. Mke wa Ismaili hakuugua. Siku ya kumi na moja Agneta alinyonya vizuri, na homa ikashuka. Aliishi. Lakini jicho lile la kushoto lilipofunguka lilikuwa na utando mweupe katikati, na utando ule haukuondoka.

"Tumefanya tulichoweza," Pontiani alimwambia Eliana, na Salima alikuwa karibu, akasikia. "Kama angefika siku mbili mapema, nadhani jicho tungeliokoa."

Siku mbili. Jumatatu na Jumanne. Pontiani hakujua alichokisema, lakini Salima alikijua, na amekaa nacho mpaka leo.

Walipotoka, Bibi Mwanvua hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda na Salima moja kwa moja mpaka uani kwa Eliana, wakasimama. Kidole cha shahada kilikuwa kimekakamaa, hakikunji tena. Eliana alikuwa na mtoto mgongoni. Hakuwaambia karibu, wala hakuwafukuza.

"Sijaja kuomba usahau," Bibi alisema. "Nimekuja kusema mbele yako, na huyu asikie." Akamgeukia mjukuu wake. "Salima, ugonjwa ule haukuwa na miguu. Ungekaa kwako, ungetibiwa, ungekwisha. Ni sisi tuliutembeza. Wewe ulisema waya. Mimi nilisema mdudu, kwa sababu nilijiona najua kila kitu, na muganga aliponiuliza nikasema nimepumzika. Aibu tuliyoiogopa mimi na wewe, mbona tumeipata na tuko hai? Tungevumilia. Lakini jicho la mtoto huyu halirudi. Siku nyingine ukiona kitu mwilini mwako usichokielewa, sema siku ile ile, hata kama watu watakuimba. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bibi."

Eliana alimfungua Agneta mgongoni. Mtoto aligeuza kichwa chake chote, akaangalia kwa jicho la kulia. Eliana alimpangusa mate, akasema, "Jua kali. Kaeni kivulini," na hakusema lingine siku ile.

Shuleni wavulana walikuwa na wimbo mpya, na Salima aliusikia mpaka walipochoka wenyewe. Joanita alikuwa amerudi kabla yake. Alisogea akampa nafasi kwenye dawati, ingawa Salima hakustahili.

Bibi Mwanvua hakandi tena. Lakini watu bado wanakuja, na wakija na mtoto mwenye mtoki, anawaambia waende kwa Pontiani kwanza, na Salima ndiye anayewasindikiza. Njiani mara nyingi mama wa mtoto hunung'unika kwamba ni jeraha tu la mguuni, yeye mwenyewe ameliona, kwa nini wasumbuke. Salima habishani naye. Husimama kando ya barabara, akavua kiatu cha kulia, akamwonyesha kisigino chenye kovu la waya.